Gari-nyumba, mtungi wa gesi na mji wa New York: historia fupi ya njia ndefu

Leo tuziweke kando lugha za programu tuzungumze kuhusu barabara. Usikimbie, tarakilishi tutaifikia.

Rafiki yangu anayeishi kusini mwa New Jersey anataka kuipeleka familia yake Boston kwa gari-nyumba, yaani lile gari refu lenye vitanda, jiko na choo ndani, ambalo Wamarekani hupenda kukodisha wakati wa likizo. Aliniuliza: nipite wapi ili nisikwame New York? Kwa mtu aliyesomea sayansi ya tarakilishi, hilo ni swali la mwaka wa pili. Unachora nukta na mistari, unatafuta njia fupi, umemaliza. Lakini jibu la swali hili halimo kwenye ramani peke yake. Limo kwenye maamuzi ya watu waliokufa zamani, na maamuzi hayo bado yanaweza kung'oa paa la gari lako.

Dijkstra na kikombe cha kahawa

Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra alikuwa mkahawani Amsterdam na mchumba wake. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipata mbinu yake maarufu kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi. Alitaka mfano ambao mtu wa kawaida angeuelewa, wa kuonyesha uwezo wa tarakilishi mpya iliyoitwa ARMAC. Akachagua ramani ya Uholanzi yenye miji 64 na swali moja: ipi njia fupi kutoka mji huu hadi ule? Mbinu hiyo ilichapishwa mwaka 1959 kwenye makala ya kurasa 3 tu. Programu nyingi za ramani kwenye simu ni wajukuu wake.

Mbinu ya Dijkstra huhitaji kitu kimoja: gharama ya kila mstari. Inaweza kuwa kilomita, dakika au pesa. Yenyewe haiulizi anayesafiri ni nani. Ukiipa mtandao uliochorwa kwa ajili ya gari dogo, itakupa njia ya gari dogo, hata kama unaendesha nyumba. Sasa tuone ni mistari gani ya New York inayokatika ukipanda gari lenye kimo cha futi 11 au 12, yaani zaidi ya mita 3, na mtungi wa gesi ya kupikia.

Mstari wa kwanza kukatika: barabara za mandhari

Kabla ya barabara kuu za kisasa, New York ilijenga barabara za kutembelea, zenye miti na nyasi pande zote, kwa ajili ya wenye magari madogo kwenda kupunga hewa. Bronx River Parkway ilikamilika mwaka 1925. Baadaye Robert Moses, mtu aliyekuwa na mamlaka makubwa juu ya ujenzi wa New York kwa miongo kadhaa bila kuchaguliwa na wananchi, alizisambaza hadi Long Island. Malori na mabasi yalipigwa marufuku. Madaraja yanayopita juu yake yalijengwa kwa mawe, ya kupendeza macho, na ya chini mno. Mengine hayafikishi futi 10.

Hapa pana mjadala ambao kila mtengenezaji wa programu angefaa kuujua. Mwaka 1974 Robert Caro alitoa kitabu kuhusu Moses, The Power Broker. Kwa kumtegemea mmoja wa wasaidizi wa karibu wa Moses, aliandika kwamba madaraja yaliwekwa chini makusudi ili mabasi yasiweze kupita, na hivyo maskini na watu weusi wasifike kwa urahisi kwenye fukwe kama Jones Beach, iliyofunguliwa mwaka 1929. Mwaka 1980 Langdon Winner aliutumia mfano huo kudai kwamba vitu vya kiufundi vina siasa ndani yake. Mwaka 1999 Bernward Joerges alipinga: mabasi tayari yalikuwa yamekatazwa kisheria, na kulikuwa na njia nyingine za kufika baharini. Mwaka 2017 mwanahistoria Thomas Campanella aliyapima madaraja ya Southern State Parkway akayalinganisha na ya barabara nyingine za wakati huo. Aliyakuta yale ya Moses yako chini zaidi.

Mimi nasema hivi: nia ya Moses wataendelea kuibishania, lakini matokeo yapo wazi. Sheria inaweza kufutwa kwa kura moja. Daraja la zege na mawe halifutiki hivyo. Kinachoandikwa kwenye msingi hudumu kuliko aliyekiandika, na anayeandika programu hujenga misingi ya aina hiyo hiyo kila siku.

Kwa gari-nyumba, basi, futa kila barabara ya aina hiyo, pamoja na Merritt Parkway ya Connecticut, ambayo kwenye ramani huonekana kama njia safi kabisa ya kuelekea Boston.

Mstari wa pili: mahandaki

Holland Tunnel lilifunguliwa Novemba 1927, likipita chini ya mto Hudson. Tatizo kubwa halikuwa kuchimba. Lilikuwa hewa: moshi wa magari una kaboni monoksaidi, na ndani ya bomba refu ungeua watu. Mhandisi Clifford Holland alifariki mwaka 1924 kabla ya kazi kwisha, aliyemrithi, Milton Freeman, naye akafariki mwaka 1925, na Ole Singstad ndiye aliyeimaliza. Suluhisho lao lilikuwa feni 84 ndani ya majengo 4, zinazosukuma hewa safi kutoka chini ya barabara na kunyonya chafu kupitia darini. Hewa yote ilibadilishwa kila sekunde 90. Mahandaki mengi ya magari duniani yaliiga wazo hilo.

Halafu, tarehe 13 Mei 1949, lori lililobeba mapipa ya kemikali inayowaka kwa urahisi lilishika moto humo ndani. Watu kadhaa wa kadhaa walidhurika na dari likaharibika. Tukio hilo lilionyesha jinsi moto wa chini ya mto unavyotisha. Mtungi wa propane kwenye gari-nyumba ni mdogo, lakini kanuni haziangalii likizo yako: gari lenye propane haliruhusiwi kupita Holland Tunnel, wala Lincoln Tunnel lililofunguliwa mwaka 1937, wala ghorofa ya chini ya daraja la George Washington.

Mstari wa tatu: daraja linaloruhusu, ila...

Ghorofa ya juu ya George Washington, daraja lililofunguliwa mwaka 1931, humpokea mwenye propane kwa masharti. Kwa kilomita, hiyo ndiyo njia fupi. Lakini ukishavuka na kukatiza Manhattan unatumbukia kwenye Cross Bronx Expressway, moja ya barabara zenye msongamano mbaya zaidi Marekani. Moses alianza kuijenga mwaka 1948, akaipitisha katikati ya mitaa yenye watu. Kwenye kipande cha maili moja tu huko East Tremont, Caro anasema familia 1,530 zilihamishwa, ingawa wakazi walikuwa wamependekeza njia mbadala hatua chache kutoka hapo. Watu walipoteza nyumba ili magari yapite haraka, na leo magari hayapiti haraka.

Daraja mahali papana

Inabaki njia ya kaskazini. Huko lilijengwa daraja la Tappan Zee, lililofunguliwa Desemba 1955. Ukilitazama kwenye ramani utashangaa: mto Hudson una upana wa karibu kilomita 5 pale. Nani anajenga daraja mahali papana wakati kusini yake ni pembamba?

Jibu ni mipaka ya madaraka. Mamlaka ya Bandari ya New York, iliyoundwa mwaka 1921, ilitawala vivuko vya eneo la maili 25 hivi kuzunguka Sanamu ya Uhuru. Gavana Thomas Dewey alitaka ushuru wa daraja jipya ulipie barabara kuu ya jimbo lake, usiingie kwa Mamlaka. Kwa hiyo daraja likawekwa nje kidogo ya mstari huo. Tappan Zee lilichakaa, na daraja jipya mahali pale pale lilifunguliwa kwa hatua mwaka 2017 na 2018, likiitwa jina la gavana Mario Cuomo. Mgogoro wa ushuru wa miaka ya 1950 ndio unaoamua hadi leo gari-nyumba livukie wapi.

Njia niliyompa

1. New Jersey Turnpike hadi Edison, kisha ushike I-287 kuelekea kaskazini.
2. Ufuate I-287 uuzunguke mji hadi daraja la Mario Cuomo.
3. Baada ya daraja uendelee na I-287, kisha I-684 kaskazini.
4. I-84 kupita Connecticut hadi Massachusetts, kisha I-90 hadi Boston.
5. Ukifika Boston usiguse Storrow Drive. Madaraja yake ni ya chini, na kila mwanzo wa Septemba, wanafunzi wanapohama, malori ya kukodi hukwama pale hadi wenyeji wameunda kitenzi kutokana na jina la barabara.

Ni mzunguko mrefu zaidi kwa kilomita. Lakini ni barabara kuu za kitaifa, na hizo zilipewa viwango vya kimo baada ya sheria ya mwaka 1956, ile iliyotiwa saini na Eisenhower.

Je, sisi?

Kiprogramu, marekebisho ni madogo. Kabla ya kumwita Dijkstra, pitia kila mstari na uulize: kimo chake kinatosha? Gesi inaruhusiwa? Ikiwa hapana, futa mstari huo. Ni `if` mbili tu. Kazi ngumu ni kuwa na namba yenyewe. Kama hakuna aliyepima daraja, programu itadhani linapitika.

Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ina nafasi ya kuandika kimo cha daraja, na mtu yeyote anaweza kuijaza. Sisi Wakenya tunajua maana ya kujichorea: mwaka 2009 mradi wa Map Kibera uliwawezesha vijana wa Kibera kuweka mtaa wao kwenye ramani hiyo. Na vikwazo tunavyo hapa pia: Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu bodaboda wala tuktuk, na dereva wa lori anahitaji kuujua mji tofauti kabisa na ule wa mwenye Vitz.

Kwa hiyo wikendi hii, ukipita chini ya daraja lenye kibao cha kimo, soma namba na uiingize. Ni dakika mbili. Dereva wa lori usiyemjua atakushukuru.

Tukutane makala ijayo. Mapema ajue, mapema afike.