Kwenda Pwani Kupunga Upepo

Wasomaji wetu wa Kasulu na Kibondo, zamani neno "pwani" halikuwa neno la furaha katika nyumba zetu. Tangu mwaka 1944, chama cha wenye mashamba ya mkonge kilipoanza kutafuta watu wa kazi, vijana wengi wa Buha walichukuliwa mpaka mashamba ya Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alihesabiwa kwa namba yake. Wengine walirudi bila kuiona hata bahari.

Basi sisi walimu wachache wa Mtabila tulipopata likizo, tulikata shauri kwenda Bagamoyo kama wageni, tupunge upepo na kutazama mambo ya kale. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilituchukua mpaka Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Wapagazi wa zamani waliikata nchi hiyo kwa miguu, miezi mitatu na zaidi, pembe za ndovu mabegani. Na watumwa nao wakaswagwa katika njia ile ile. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, lakini njia yenyewe ilianzia Ujiji, ukingoni mwa nchi yetu, ikapita karibu na Uvinza penye chumvi.

Mgeni akizitazama nyumba za mawe za Bagamoyo na milango yake ya nakshi, hudhani mji ule ulijengwa na bahari peke yake. Sivyo. Mali iliyoujenga ilitoka bara, tena nyingine ilitoka kwa machozi. Twaona ni vema mtu wa bara ayakumbuke hayo asimamapo pale, asijione mgeni kupita kiasi.

Tulikwenda pia kwenye misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868 wakawa wakikomboa watumwa. Huko ndiko Chuma na Susi na wenzao walikoufikisha mwili wa Livingstone mwezi wa Februari 1874, baada ya kuuchukua tangu Chitambo, alikofia mwaka uliotangulia. Tulisimama kimya kitambo.

Livingstone huyo ndiye aliyetafutwa na Stanley, aliyetoka Bagamoyo mapema mwaka 1871. Stanley alipoingia Buha alitozwa hongo na wakuu wa Waha, yaani ushuru wa njia, wala si rushwa kama neno hilo lisemavyo leo. Alitoa doti za nguo hapa, akatoa tena pale, hata mwishowe akachoka: akaondoka na watu wake usiku wa manane, wakinyatia vichakani wasije wakadaiwa tena.

Siku ya mwisho tulifika Kaole, kilometa chache kusini ya mji, penye magofu ya misikiti miwili iliyo mizee kuliko Bagamoyo yenyewe. Watu walikaa hapo tangu karne ya 13. Makaburi mengine yana nguzo ndefu za mawe, na zamani zilipachikwa bakuli kutoka Uchina.

Langoni tulitakiwa kulipa kiingilio. Mwenzetu mmoja, mkubwa wetu sote kwa umri, akafungua mfuko akicheka.

"Wazee wetu waliwatoza waliotoka pwani," akasema. "Leo ni zamu yetu kutoa hongo. Lipeni, ndugu zangu, tusije tukapita usiku kama Stanley."