Kutoka Mwisenge Hadi Mlimani: Chuo Kikuu na Hadhira ya Sanaa Zake

Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliondoka Butiama kwenda kuanza masomo katika shule ya serikali ya Mwisenge, mjini Musoma, kando ya Ziwa Nyanza. Historia ya mtoto huyo yajulikana kwa kila mwanafunzi nchini, wala si nia yetu kuirudia hapa. Twamtaja kwa sababu moja tu. Alitoka katika nchi ambamo sanaa haikuwa na mlango, akaingia katika nyumba ambamo sanaa ya kwao haikuhesabiwa kuwa elimu. Miaka 28 baadaye, akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, aliirudia habari hiyo kwa namna yake. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisema kwamba miongoni mwa maovu yote ya ukoloni lililo baya kupita mengine ni lile la kutufanya tuamini kuwa hatukuwa na utamaduni wetu wenyewe. Akawataja wasomi waliojua kucheza dansi za Kizungu ilhali gombe sugu na mangala hawajapata kuziona, pengine hata majina yake hawayajui.

Wasomi hao walitengenezwa mahali fulani. Katika makala haya tutaitazama nyumba yao kuu, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jinsi sanaa zake zilivyotafuta hadhira nje ya kuta zake.

Kwanza lakini yatupasa tueleze maana ya sanaa isiyo na mlango. Katika nchi ya Mara, mpiga litungu wa Kikurya hukaa uwanjani na chombo chake kikubwa cha nyuzi 8, kisanduku cha mbao kilichowambwa ngozi, na watu humzunguka. Hakuna aliyealikwa, wala hakuna aliyezuiwa. Huyu husifiwa kwa ukoo wake, yule huumbuliwa kwa uchoyo wake, na anayesimama pale kwa kupita njia aweza kusikia jina lake likiingizwa ndani ya wimbo. Hali kadhalika kwa ndugu zetu Waluo, mpiga nyatiti ana pete ya chuma katika kidole cha mguu anayoigonga kwenye chombo, na njuga kifundoni; mtu mmoja huwa ngoma, zeze na mwimbaji kwa pamoja. Hadhira yake humjibu, humkatiza, humtunza, humwagiza aimbe habari za fulani. Ukimwondolea hadhira hiyo umemwondolea nusu ya chombo chake. Jambo hili tutalirudia, maana sisi wenyewe tuna deni hapo.

Chuo Kikuu kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi idadi ya darasa moja dogo. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, zaidi ya kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Mahali pale palichaguliwa kwa nafasi na hewa yake, na kwa hakika ni pazuri. Lakini mlima ni mlima: aliye juu huwaona walio chini kabla wao hawajamwona yeye. Lugha ya chuo ilikuwa Kiingereza, na michezo ya kuigiza iliyokuwa ikiheshimiwa siku zile ilitoka Ulaya. Mchuuzi wa samaki wa Feri hata angebebwa mpaka mlangoni mwa ukumbi, angekaa mle kama mgeni msibani asiyemjua marehemu.

Mwezi Oktoba 1966 ukaja mgogoro mkubwa. Wanafunzi waliandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Mwezi Februari uliofuata Azimio la Arusha likatangazwa. Swali la chuo hiki ni cha nani likawa linaulizwa kila mahali, na katika mwaka huo huo wa 1967 idara ya sanaa za maonyesho ikaanzishwa Mlimani. Hatusemi kwamba idara ilizaliwa na maandamano. Twasema ilizaliwa katika nyumba iliyokuwa ikiulizwa swali hilo, na walimu na wanafunzi wake wa kwanza walilisikia.

Jibu lao lilikuwa lugha. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, kijana aliyezaliwa Kilwa, alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile, kwa Kiswahili, juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mengi yameandikwa juu ya tamthilia hiyo na mitihani mingi imetungwa kutokana nayo, nasi hatutaongeza. Tutazame jambo moja tu. Mtu wa Ngarambe anatoa neno la kuwaunganisha watu, kisha neno linamponyoka mikononi, watu wanaliamini kuliko yeye mwenyewe anavyoliamini. Habari hiyo haihitaji cheti cha kidato cha sita ili ieleweke. Mzee ambaye babu yake alikunywa maji yale aweza kukaa safu ya mbele na kumsahihisha mchezaji. Hapo ndipo ukumbi wa chuo ulipoanza kufanana kidogo na uwanja wa litungu.

Penina Muhando akafuata na Hatia mwaka 1972, Pambo mwaka 1975, na Nguzo Mama mwaka 1982, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo isiyokubali kusimama. Wenzake katika kazi hiyo ni Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya. Watatu hao waliandika kwa pamoja Harakati za Ukombozi. Ngano, ngonjera, nyimbo na ngoma ziliingizwa ndani ya mchezo, msimulizi akaanza kuongea na watazamaji badala ya kujifanya hawaoni. Kikundi cha Paukwa, kilichowakusanya walimu wa Mlimani na wenzao, kilijichukulia jina kutoka katika neno ambalo kila mtoto wa pwani hulijibu kabla hajajua kusoma. Kikaonyesha Ayubu mwaka 1984. Ukumbi wa Nkrumah, ambao wananchi wengi wameujua kwa picha tu, mgongoni mwa noti ya shilingi 500 kabla sarafu haijaishika nafasi yake, uliwapokea watu wa nje ya chuo kwa maonyesho, matamasha na makongamano.

Sisi tulioishia kidato cha nne tulipanda Mlimani kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima, tumetumwa mjini kwa shughuli za ofisi, na mwenyeji wetu akatuambia kuna mchezo jioni. Tulikaa nyuma karibu na mlango, tayari kutoka endapo tungeulizwa sisi ni akina nani. Hatukuulizwa. Mchezo ulipoanza na wimbo wa kuitikia, mikono yetu ilipiga makofi kabla akili haijaipa ruhusa. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiamini kwamba mlango ulio wazi ni jambo moja, na mtu kujua kwamba uko wazi ni jambo jingine.

Washairi nao walikuwa na ugomvi wao Mlimani, na yafaa tuutaje kwa kuwa unatugusa. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa letu hili, alichapisha Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Waliolelewa katika desturi ya akina Amri Abedi na Mnyampala waliona nyumba inabomolewa. Maneno makali yalisemwa magazetini na katika mikutano. Sisi ni wa vina na mizani, wala hatujahama. Lakini haki yadai tuseme kwamba hoja ya Kezilahabi ilikuwa ya hadhira vilevile: alitaka ushairi usikike karibu na maneno ya watu wa kawaida. Wapinzani wake walijibu kwamba watu wa kawaida ndio wanaoghani tenzi kwa moyo, ilhali mashairi huru husomwa na wanafunzi peke yao. Pande zote mbili zilikuwa zikimwita shahidi mmoja, naye hakuwemo katika mkutano. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Tulipopata habari hizo tulikitoa Kichomi kabatini tukakisoma upya usiku mzima, na baadhi ya beti zake zilitushinda kuzikataa.

Turudi Musoma, maana Musoma iliingia katika historia ya Chuo Kikuu kwa njia ambayo watu husahau. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini hapa, maili chache kutoka madarasa ya Mwisenge, ikatoa Azimio la Musoma. Watu hulikumbuka kwa Elimu ya Msingi kwa Wote. Lakini Azimio hilo pia liliweka sharti kwamba anayetaka kuingia Chuo Kikuu atimize kwanza utumishi wa taifa na kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka 2, na kwamba mwenendo wake kazini utazamwe. Sharti lile lililegezwa baadaye, na waliolilalamikia walikuwa na sababu. Hata hivyo lilileta madarasani watu waliokwisha kuwa makarani, walimu na mabwana shamba, watu waliokwisha kuzeeka kidogo kwa jua. Twaona si ajabu kwamba muongo uliofuata sanaa za Mlimani hazikutosheka na kungoja watu wapande mlima.

Zikateremka. Katika miaka ya 1982 na 1983 Penina Muhando na wenzake walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kutungwa. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza ni matatizo gani yanayowasumbua, na jambo lililotajwa kwa uchungu lilikuwa wasichana wa shule kupata mimba. Mchezo ulitungwa na wenyeji wenyewe, na ngoma iliyotumika ilikuwa wigashe ya Wasukuma, ambayo wachezaji wake huimba wakiwa wamekaa. Baada ya kuonyesha, wakajadiliana, wazee, vijana na wasichana wakiwa uwanja mmoja. Mtaalamu wa chuo alikuwa pale kama mkunga, si kama mzazi. Mbinu hiyo haikufa: mwaka 1996 Lihamba na Penina Mlama, ambaye ndiye Penina Muhando tuliyemtaja, walianzisha Tuseme katika shule za sekondari, ili wasichana wayaseme kwa michezo na nyimbo yale wasiyoweza kuyasema kwa mwalimu wa zamu.

Mwaka huo huo wa Malya, majirani zetu waliona upande mwingine wa jambo hili. Februari 1982 wanakijiji wa Kamiriithu, Kenya, waliokuwa wameandaa mchezo wa Maitu Njugira chini ya Ngugi wa Thiong'o, walinyimwa Jumba la Taifa la michezo jijini Nairobi. Waliendelea na mazoezi katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mbele ya watu, na watu wakamiminika kwa maelfu usiku baada ya usiku, wengine wakitoka mbali mashambani. Baada ya siku chache mazoezi hayo yakakatazwa, na mwezi Machi jukwaa walilojijengea Kamiriithu likabomolewa. Ukumbi wa chuo kikuu waweza basi kuwa mahali pa mwisho ambapo wananchi wanaweza kujiona. Hilo ni jukumu zito kwa jengo la saruji na viti.

Ama sisi watumishi wa serikali, hatukubomoa jukwaa la mtu. Tulifanya dogo zaidi, na tulilifanya mara nyingi. Miaka ya 1990 tulipewa kazi ya kupanga ratiba ya sherehe moja katika mkoa huu. Tulimwalika mzee mpiga litungu. Katika karatasi yetu aliandikiwa dakika 5, baada ya wageni kuketi na kabla ya hotuba ya kwanza. Alianza taratibu, akikaza nyuzi na kugusa moja moja, na dakika zilipokwisha tulimpa ishara. Akanyamaza mara moja, kwa adabu. Baada ya sherehe tulikwenda kumshukuru, naye akatuambia: "Bwana ofisa, pale mliponikatiza ndipo nilipokuwa naanza kuwaamkia." Tulijaribu kumweleza habari za muda wa mgeni rasmi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akafunga chombo chake kwa kitambaa, akauliza gari la kumrudisha kwake litaondoka saa ngapi.

Litungu huyo hakuwa amepiga wimbo hata mmoja. Nasi katika taarifa tuliandika kwamba ngoma za asili zilitumbuiza.

Leo Butiama pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu Nyerere, kijijini alikozikwa Oktoba 1999. Kilimo na teknolojia ni vyema, na nchi yavihitaji. Lakini chuo hicho hakiko juu ya mlima wenye basi la usiku. Kiko katikati ya watu wanaojua bado kusimama kulizunguka litungu, na wanafunzi wake wataliona kila siku ya harusi bila kuandikiwa barua ya mwaliko. Iwapo chuo kitajenga ukumbi, twaomba wajenzi waache upande mmoja bila ukuta, na mtengeneza ratiba, yeyote atakayekuwa, amwulize mpigaji kwanza kuamkia kwake huchukua muda gani.