Kinyago Kilicho Mbali na Ngoma Yake

Kila taifa lina kitu ambacho likikitazama hujiona lenyewe. Waholanzi wana picha zao za rangi za mafuta za karne ya kumi na saba. Sisi wa mwambao tuna tenzi na milango ya nakshi. Watu wa uwanda wa juu wa Makonde, kuanzia Newala hadi kwenye miteremko itazamayo mto Ruvuma, wana mti uliopita mikononi mwa mchongaji. Katika makala haya nataka kuyaweka pamoja mambo mawili yaliyo mbalimbali, jumba la Rijksmuseum la mji wa Amsterdam na vinyago vya nchi ya Newala na Masasi. Sikusudii kupima kipi bora. Nakusudia kuuliza: kazi kuu ya sanaa inabaki kuwa nini pale inapokuwa mbali na wale walioizaa?

Na tuanze na Amsterdam. Rijksmuseum lilisanifiwa na Pierre Cuypers, likafunguliwa mwaka 1885. Mwisho wa ukumbi wake mkuu imetundikwa picha ya Rembrandt van Rijn ya mwaka 1642, iitwayo kwa Kiholanzi De Nachtwacht, yaani Lindo la Usiku. Jina hilo hakulitoa mchoraji. Vanishi na masizi viliifunika picha ikaingia weusi, na waliokuja baadaye wakadhani ni usiku. Kumbe watu wale wanatoka mchana kweupe. Ilichorwa kwa ajili ya ukumbi wa walinzi wa mji wenye bunduki. Mwaka 1715 ikahamishiwa Jumba la Mji, na kwa kuwa ukuta wa huko haukuitosha, ikakatwa pande zote nne. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ilizungushwa kama mkeka ikafichwa ndani ya pango la Sint-Pietersberg, karibu na Maastricht. Jumba lilipofungwa mwaka 2003 kwa matengenezo, kisha likafunguliwa tena mwaka 2013, picha hiyo ilirudi palepale ilipokuwa.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba hata kazi iliyotunzwa kuliko zote imepata kuhamishwa, kukatwa na kupewa jina lisilo lake. Pili, inaonyesha jinsi watu wanavyokilinda kitu wanachokijua kuwa ni chao. Ndani ya picha hiyo mna ngao iliyoongezwa baadaye, imeandikwa majina 18 ya waliochorwa. Mtoto wa shule wa Kiholanzi huketi chini mbele yake akasomewa nani ni nahodha Frans Banninck Cocq na nani ni luteni wake. Mchoraji ana jina, waliochorwa wana majina, na mtazamaji ana njia ya kufika.

Wala msomaji asidhani kwamba mambo hayo hayakutugusa. Rembrandt alizaliwa Leiden mwezi Julai 1606. Hakuwa ametimiza mwaka mmoja pale merikebu za kampuni ya Waholanzi zilipokuja kuizingira ngome ya Wareno katika Kisiwa cha Msumbiji, mwaka 1607. Zikashindwa, zikarudi tena 1608, zikashindwa tena. Biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa miongoni mwa chemchemi za utajiri ulioujaza mji wa Amsterdam wanunuzi wa picha. Bahari iliyomletea mchoraji wateja ndiyo hii inayotuletea sisi kaskazi na kusi.

Sasa tupande uwandani. Wamakonde wana simulizi ya asili yao, ambayo Mjerumani Karl Weule aliipokea huko mwaka 1906 na kuiandika. Hapo kale palikuwa na kiumbe mmoja porini, haogi wala hanyoi. Siku moja akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha. Kulipokucha sanamu imekuwa mwanamke, naye akawa mkewe. Walizaa karibu na mto, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili akafa pia. Walipofika juu kabisa uwandani, wa tatu akaishi. Wazee huitoa katika hadithi hiyo hekima ya kukaa juu, mbali na mabonde yenye maradhi, ingawa maji yako chini na kina mama huyafuata kwa jasho. Mimi kama mtunzi ninaona humo jambo jingine. Mataifa mengi husema binadamu alitoka katika udongo. Hawa wamesema mama yao alitoka katika kazi ya sanaa. Kwao mchongaji hakuja baada ya watu; watu ndio waliokuja baada ya mchongaji.

Weule hakuwa msafiri wa kawaida. Alikuwa mtumishi wa makumbusho ya Leipzig, na mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wake. Alikusudia kwenda bara ya kaskazini, lakini machafuko yakamzuia, akaelekezwa kusini kupitia Lindi. Ilikuwa ni nchi iliyotoka kupigwa na Vita vya Majimaji. Misheni ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere kwa watumwa walioachiwa huru Unguja, ilikuwa imechomwa mwaka 1905. Steere huyo ndiye yule mtaalamu wa Kiswahili tunayemkumbuka kwa kuzikusanya hadithi za Unguja. Kwa hiyo Masasi na visiwa vyetu wana udugu wa zamani, ingawa ni udugu uliozaliwa katika msiba.

Weule alipita Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta, akifuatana na askari wa serikali na wapagazi. Alinunua vinyago na vyombo, akapiga picha za kawaida na za kutembea, na akanasa nyimbo kwa fonografu juu ya silinda za nta. Aliwapa watu penseli na karatasi wachore, na michoro ya mnyapara wa wapagazi wake, Pesa Mbili, ikaingia kitabuni, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909. Huko Masasi alikutana na malenga kipofu aitwaye Sulila, akampiga picha na kumwandika. Haya ni mambo ya kumshukuru. Kama si yeye, sisi wapenzi wa ushairi tusingejua kwamba mwaka mmoja baada ya moto wa Majimaji, Masasi ilikuwa na malenga asiyeona, anaimba.

Lakini shukrani haifuti hesabu. Kununua katika nchi iliyoshindwa vitani, na nyuma ya mnunuzi wamesimama wenye bunduki, si sawa na kununua sokoni. Na kilichonunuliwa hakikupata pango la kujifichia. Desemba 1943 mabomu yaliliangukia jumba la Grassi huko Leipzig, na sehemu ya mkusanyiko wa makumbusho hayo ikateketea. Katika miaka ileile Lindo la Usiku lilikuwa salama mwambani. Kila mmoja hukimbiza kwanza kilicho chake.

Yafaa sasa nieleze kinyago chenyewe, kwani kwetu pwani neno hili hutajwa zaidi katika methali kuliko katika maisha. Kinyago cha Kimakonde, lipiko, na vikiwa vingi mapiko, hakikuchongwa kutundikwa ukutani. Huchongwa kwa mti laini na mwepesi ili mchezaji aweze kukivaa. Huhusiana na jando na unyago, watoto wanapotoka kuwa watu wazima. Huvaliwa pamoja na nguo zinazoufunika mwili wote, kwa sababu anayecheza hapasi kujulikana. Huyo si fulani mwana wa fulani, ni mzuka uliotoka kwa waliotangulia. Kuna na kinyago cha kiwiliwili, chenye matiti na tumbo la mja mzito lililochorwa chale, ambacho huvaliwa na mwanamume akaigiza uchungu wa kuwa mama. Juu ya ngoma hizi aliandika J.A.R. Wembah-Rashid, mtaalamu wa Makumbusho ya Taifa, makala yake ya mwaka 1971 kuhusu wachezaji wa isinyago na midimu, na ni jambo la fahari kwamba aliyeeleza ni Mtanzania.

Methali yetu husema kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Ngoma ya mapiko inaijibu methali hiyo. Mchongaji anajua ni mti, mchezaji anajua ni mti, na wakubwa wote wanajua. Ila ngoma ikilia, wanakubaliana kutojua. Makubaliano hayo ndiyo sanaa yenyewe. Ukikiondoa kinyago katika makubaliano hayo ukakiweka ndani ya kioo, kimebaki kama utenzi uliochapwa kwa watu wasioujua uimbaji wake: herufi zote zipo, na kilichoondoka hakionekani.

Habari ya kinyago kimoja inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam yaliibiwa, na pamoja na vitu vingine 16 kikachukuliwa kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalikinunua mjini Paris. Mwaka 1990 asili yake ikajulikana. Mazungumzo yakaendelea miaka na miaka. Mwaka 2006 Tanzania ikalipeleka shauri hilo mbele ya kamati ya UNESCO, na Mei 2010 mapatano yakatiwa saini mjini Paris chini ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho. Kinyago kikarudi. Katika mapatano hayo kurudi kwake kuliitwa zawadi. Sisi tunaoishi kwa maneno tunajua uzito wa kuchagua neno. Anayerudishiwa kilichoibwa kwake hupewa haki, na haki ina jina lake. Hata hivyo tusikatae mema: kinyago kilirudi bila vita wala hukumu ya mahakama, na njia hiyo imebaki wazi kwa wengine.

Ila kutoka Dar es Salaam hadi Newala ni zaidi ya kilomita 500. Kilichorudi mjini hakijarudi nyumbani. Hapa hatuwezi kumlaumu Mzungu.

Hapo mwenye kupinga atasema: Wamakonde wenyewe wamekuwa wakichonga kwa ajili ya wageni tangu zamani, basi malalamiko ya nini? Ni kweli. Wengi walivuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi Tanganyika, na mjini Dar es Salaam wakapata wanunuzi, akiwamo mfanyabiashara Mohamed Peera. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa akaanzisha mtindo wa mashetani katika mpingo. Ukaja na ule wa ujamaa, watu juu ya watu kama nguzo moja. George Lilanga, aliyezaliwa kusini mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alianzia Nyumba ya Sanaa, akaonyesha kazi zake Washington mwaka 1978. Lakini tazama tofauti. Likankoa na Lilanga tunawataja kwa majina. Walichonga wakijua kazi itasafiri, wakapatana bei, nayo ikaenda na jina la mwenyewe. Aliyechonga lipiko la jando hakuchonga kwa safari. Na katika majumba mengi ya Ulaya kibao chake husema tu: Wamakonde, Tanzania. Rembrandt angeandikwa hivyo, kibao kingesema: Waholanzi, Ulaya.

Mshairi wa mwambao hutaja jina lake katika beti za mwisho ili kesho asidhulumiwe. Mchongaji wa lipiko alificha la kwake kwa adabu ya ngoma. Adabu hiyo haikuwa ruhusa kwa dunia kumsahau.

Nimekaa miaka mingi na kazi ya kufasiri, na imenifundisha kwamba tafsiri njema haimnyang'anyi mwenye lugha ya kwanza. Humwongezea wasikilizaji, naye akabaki na maneno yake. Vivyo hivyo sioni ubaya Mjerumani au Mholanzi akikitazama kinyago cha Newala akapumbazwa nacho, kama nami ninavyoweza kupumbazwa na mwanga wa Rembrandt. Ubaya uko pale asili inapoondoka na tafsiri isibaki. Basi yafaa tudai mambo yaliyo ndani ya uwezo. Nyimbo zilizonaswa mwaka 1906 zisikike Masasi. Picha za vinyago vya Weule ziwe katika shule za Newala, na wazee wangali hai waulizwe kila kimoja kilitumika katika ngoma gani. Na kila mchongaji wa leo, awe uwandani au Mwenge, aandikwe jina pamoja na kazi yake, kabla hajageuka naye kuwa kabila na nchi juu ya kibao.

Mtoto wa Amsterdam hufika mbele ya Lindo la Usiku kwa baiskeli. Mtoto wa Newala, mjukuu wa yule mama aliyechongwa, anastahili naye kukiona cha kwao kwa mwendo wa miguu.