Ziro-teni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Mashine ya Kukata Majani ya Kusukuma

Masika yakianza kukatika mwezi wa tano, majani ya Dar hayasubiri mtu. Kuanzia Bunju na Mbweni hadi Chamazi na Mbagala, mashine za kufyekea za begani zinaunguruma tangu asubuhi. Ndipo shule, hoteli na wakandarasi wa bustani wanaanza kuulizia ile mashine ya kukalia inayozunguka palepale ilipo. Kwenye boksi imeandikwa zero turn, kwa kinywa ni ziro-teni.

Ni mashine nzuri, tena sana. Lakini kuna kosa moja linaloweza kumrudisha mtu nyuma: kuuza mashine ya zamani ili kuongezea hela ya mpya. Ziro-teni haichukui nafasi ya mashine ya kusukuma wala ya begani. Inafanya kazi moja tu, eneo kubwa lililo wazi, na inaifanya haraka.

Inafanyaje kazi?

Ziro-teni haina usukani. Dereva ana vishikio viwili, kimoja kila mkono. Kishikio cha kulia kinaamrisha tairi la nyuma la kulia, cha kushoto tairi la kushoto. Akisukuma vyote mbele, mashine inaenda. Akivivuta, inarudi rivasi. Akisukuma kimoja na kuvuta kingine, tairi moja linaenda mbele na jingine nyuma, na mashine inazunguka palepale kama pia.

Siri ni kwamba kila tairi la nyuma lina pampu na mota yake ya mafuta ya haidroliki. Matairi ya mbele hayaamui kitu, yanafuata tu kama magurudumu ya toroli la supamaketi. Hilo la matairi ya mbele likumbukwe, maana ndiko hatari inakotokea.

Wazo hili si jipya. Mashine za namna hii zilianza kushika soko Marekani miaka ya 1960, na jina linalotajwa sana ni John Regier wa jimbo la Kansas.

Hesabu kabla ya hela

Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, kama ule wa Mkapa pale Temeke, una mita za mraba 7,140. Mashine ya kusukuma ya inchi 21 inakata upana wa sentimita 53. Mtu akitembea kilomita 4 kwa saa, na kila mstari ukipanda kidogo juu ya mwenzake, anamaliza kama mita za mraba 1,700 kwa saa. Eneo lote hilo ni zaidi ya saa 4 za jua kali, bila kuhesabu kupumzika.

Ziro-teni ya inchi 48, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, inafyeka karibu mita za mraba 7,800 kwa saa. Kwa hiyo kazi ya asubuhi nzima inaisha ndani ya saa moja.

Hesabu hiyo ni ya ukubwa wa eneo tu. Nyasi za uwanja wenyewe wa mechi, au zile fupi kabisa zinazozunguka mashimo ya gofu pale Lugalo, ni kazi ya mashine za silinda, zinazokata kama mkasi. Ni ukoo wa ile aliyoibuni Edwin Budding kule Stroud, Uingereza, mwaka 1830. Ziro-teni ina visu vinavyozunguka kama feni, na haipendi kushushwa chini sana. Ikishushwa inachuna udongo.

Sasa mtu mwenye kiwanja cha mita za mraba 600 Tegeta au Mbagala apige hesabu yake. Akitoa nyumba, kibaraza, sehemu ya gari na pevingi, anabaki na majani ya dakika kumi na tano. Kumnunulia mashine ya kukalia mtunza bustani wa hapo ni kuweka hela kwenye chuma cha kutazama. Mashine inamlipa mwenye shule yenye viwanja, hoteli ya ufukweni, kanisa au msikiti wenye eneo kubwa, au mkandarasi mwenye tenda kadhaa za kudumu kwa wiki.

Geti, mchanga na nazi

Kitu cha kwanza kupima ni geti. Ziro-teni ya inchi 48 inakata sentimita 122, lakini ukijumlisha mdomo wa kutolea majani ubavuni, upana wake unakaribia mita moja na nusu. Kijimlango cha pembeni cha sentimita 90 hakiipitishi. Mkandarasi anayezunguka nyumba za wateja anahitaji pia trela na mbao imara za kupandishia, na gharama hiyo mara nyingi hukumbukwa baada ya malipo.

Pili ni ardhi yenyewe. Ukanda wa pwani, Kunduchi, Mbweni, Kigamboni, una mchanga mwingi. Mchanga unakula visu, unaziba chujio la hewa, na matairi madogo ya mbele yanazama palipo laini. Kitabu kikisema chujio lisafishwe kila baada ya saa 25, kwa mchanga wa Dar ni busara kulikagua kila siku ya kazi.

Halafu kuna vitu vilivyojificha. Chini ya minazi kuna nazi, vifuu na makuti. Kwenye viwanja vipya vya Bunju au Chamazi kuna misumari, waya wa kufungia nondo na vipande vya tofali. Kisu kikigonga nazi kavu, mhimili wake unaweza kupinda. Kikigonga jiwe, jiwe linaruka kama risasi, na mbele yake anaweza kuwa mtoto au kioo cha gari. Mtu mmoja apite kwanza na ndoo akiokota, ndipo injini iwashwe.

Majani yakishafika magotini, ziro-teni si ya kuanza nayo. Yafyekwe kwanza kwa mashine ya begani au fyekeo, yakauke, yasombwe. Ndiyo maana ile ya zamani haiuzwi. Pembeni mwa ukuta, kwenye kona, kando ya mtaro na siku ambazo udongo umelowa, ndiyo inayomaliza kazi.

Miteremko na mitaro

Temeke sehemu nyingi ni tambarare. Makongo na Goba ni habari nyingine. Watengenezaji wengi wanakataza ziro-teni kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, yaani kama mita 2.7 za kupanda katika kila mita 10. Sababu ni yale matairi ya nyuma: ndiyo yanayoendesha, ndiyo yanayogeuza, ndiyo yanayofunga breki. Yakiteleza kwenye nyasi mbichi, dereva anapoteza vyote vitatu kwa mpigo, na matairi ya mbele hayana la kumsaidia.

Mitaro ya wazi ya Dar inafanya jambo hili kuwa zito zaidi. Sehemu ya ukingoni, angalau upana wa mashine mbili, iachiwe mashine ya begani. Mashine nyingi zina bomba la chuma nyuma ya kiti la kumlinda dereva ikipinduka. Likiwa limesimama, mkanda ufungwe. Likiwa limelazwa, mkanda usifungwe, ili dereva aweze kuruka. Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba bomba linalazwa kupita chini ya mwembe, na halisimamishwi tena.

Anayejifunza aanze uwanja wa wazi, visu vikiwa vimezimwa, kwa siku moja au mbili. Vishikio ni vyepesi, na mgeni hutikisika mbele na nyuma kama yuko kwenye bodaboda ya mashimo.

Mpya au mtumba?

Mpya ina waranti, ila swali la kumuuliza muuzaji ni la vipuri: mikanda, visu na beringi za mhimili wa kisu zipo dukani leo, au zinaagizwa? Mkanda unaweza kupatikana wa kulinganisha kwa vipimo kule Gerezani. Kisu chenye tundu la umbo la pekee ni taabu. Injini za Honda, Kohler, Kawasaki au Briggs & Stratton zinafahamika zaidi kwa mafundi kuliko zisizo na jina.

Anayeagiza mtumba kutoka nje apate kwanza kwa wakala wa forodha jumla ya ushuru, VAT na gharama za bandari, kwa maandishi. Zile za betri kutoka Marekani huja na chaja ya volti 120, wakati umeme wa TANESCO ni volti 230. Kuichomeka hivihivi ni kuiua.

Mtumba haujaribiwi kwa dakika mbili. Ukatwe nao majani kama nusu saa mpaka mafuta ya haidroliki yapate moto, kisha upandishwe rivasi kwenye kilima kidogo. Pampu zilizochoka zinakuwa na nguvu zikiwa baridi na kulegea zikichemka. Ikishindwa kupanda, au ikivutia upande mmoja wakati vishikio viko sawa na upepo wa matairi uko sawa, bei ishuke sana au mtu arudi nyumbani na hela yake.