Pikapu ya mtihani na pikapu ya mnunuzi

Oktoba 2016 taa za pikapu zilipewa alama za kwanza na IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima za Marekani. Kazi ilifanyika gizani, kwenye uwanja wa taasisi hiyo huko Ruckersville, jimbo la Virginia. Pikapu zilikuwa 11, lakini kwa kuwa aina moja huuzwa na taa tofauti kulingana na bei, seti za taa zilizopimwa zilifika 23. Zilipitishwa kwenye barabara iliyonyooka na kwenye kona za kushoto na kulia, kali na za taratibu, huku vipimo vikionyesha mwanga unafika wapi na unamuumiza macho kiasi gani dereva anayekuja mbele.

IIHS ina madaraja manne: nzuri, inaridhisha, hafifu na mbovu. Daraja la kwanza lilichukuliwa na pikapu moja tu, Honda Ridgeline. Taa zake, zikiwa zimeshushwa, zilimulika upande wa kulia wa barabara hadi mita 109 hivi. Za Chevrolet Colorado ya bei ya chini ziliishia karibu mita 37. Dereva wa Colorado hiyo akienda kilomita 80 kwa saa, umbali huo anaumaliza kwa chini ya sekunde mbili. Akitokea mtu anavuka, mguu haujafika hata kwenye breki.

Ushindi wa Ridgeline nao ulikuwa na walakini. Taa zilizosifiwa zilikuja na matoleo ya bei ya juu tu. Aliyenunua Ridgeline ya kawaida alipewa taa ambazo IIHS iliziita mbovu. Gari ni lilelile, jina lilelile, ila mwenye fedha aliona njia na asiye nazo akapapasa. Ukifuatilia historia ya kupima pikapu, jambo hilo linajirudia tangu mwanzo.

Kwa miaka mingi pikapu ilihesabiwa kuwa chombo cha kazi, cha kubeba majani ya ng'ombe, mbao na saruji, na sheria za Marekani ziliilegezea kamba. Mifuko ya hewa ya mbele ililazimishwa kwenye magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1997, pikapu zikaongezewa mwaka mmoja zaidi. Kwa upande wa taa sheria ilibana magari yote: tangu 1940 Wamarekani walikuwa wamefungwa kwenye taa zilizozibwa kiwandani, na ni mwaka 1983 tu ndipo taa za balbu ya kubadilishwa ziliporuhusiwa.

IIHS yenyewe ilianzishwa 1959. Mwaka 1969 uongozi wake ulishikwa na daktari William Haddon, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya serikali ya usalama barabarani. Serikali ilianza kuyagongesha magari ukutani na kutangaza matokeo mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1995 IIHS ikaja na mtihani mgumu zaidi: gari linagongeshwa kwa kilomita 64 kwa saa, asilimia 40 tu ya upana wa mbele ikipokea kishindo chote. Mwaka 2001 ikafika zamu ya pikapu kubwa, na Ford F-150, fahari ya Wamarekani na ya ukoo wa pikapu za Ford unaoongoza kwa mauzo nchini mwao tangu 1977, ikapata daraja la mwisho. Kebini yake ilijikunja juu ya sanamu ya majaribio iliyokaa kwenye usukani. Ford ilirudi mezani, na F-150 mpya ya 2004 ikapata alama nzuri.

Kisa kinachozungumzwa zaidi, hata hivyo, ni cha 2015.

Mwaka 2012 IIHS ilikuwa imeanzisha mtihani mwingine wa kilomita 64 kwa saa, safari hii kizuizi kikigusa asilimia 25 tu ya mbele, kwenye pembe ya upande wa dereva. Ni ajali ya gari linalogonga mti au nguzo kwa pembe. Ugumu wake ni kwamba kishindo kinapita nje ya nguzo kuu za chasisi, zile zilizowekwa kukipokea. Kinachobaki ni tairi, na tairi likisukumwa nyuma huingia moja kwa moja pale dereva anapoweka miguu.

F-150 ya 2015 ilikuja na bodi ya alumini, na dabo kebini yake, ile yenye milango minne mikubwa, ikaufaulu mtihani huo. Sehemu ya abiria ilibaki imara. Ila waliochungulia chini ya gari, wakiwemo waandishi wa jarida la Automotive News, waliona jambo. Mbele na nyuma ya matairi ya mbele, Ford ilikuwa imefunga vyuma vya kulizuia tairi lisirudi ndani. Vyuma hivyo vilikuwa kwenye dabo kebini peke yake, na dabo kebini ndiyo iliyouzwa zaidi. Kwa kawaida IIHS hupima toleo linalouzwa zaidi. Matoleo mengine ya F-150 hayakuwa navyo.

IIHS ikachukua F-150 ya kebini fupi kuliko hiyo, yenye viti vidogo nyuma ya dereva, ikaigongesha vilevile. Matokeo yalitangazwa Julai 2015. Usukani ulirudi nyuma karibu sentimita 20, ukamsogelea dereva kifuani. Kichwa cha sanamu kiligusa kidogo tu mfuko wa hewa, kikateleza kushoto na kugonga dashibodi. Sakafu ya mbele na pedeli ya breki vilisukumwa ndani kwa sentimita 25 hadi 33, na dashibodi ikabana miguu. Daraja lililotolewa ni hafifu. David Zuby, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa IIHS, hakuzunguka: alisema Ford imewapunja wanunuzi wa kebini hiyo.

Na ndivyo ilivyokuwa. Anayenunua kebini fupi mara nyingi ni fundi au mkulima, mtu anayetaka nafasi ya mzigo kuliko ya watoto. Hakuna aliyemwambia kwamba alama aliyoiona kwenye tangazo ni ya gari la jirani. Ford ilisema matoleo mengine yatarekebishwa kuanzia mwaka wa 2016, na ikatekeleza. Aprili 2016 kebini zote mbili zilizopimwa za F-150 zilipata alama nzuri. Chuma ambacho hakikuwepo mwaka uliotangulia kilipatikana mara baada ya mtu kuuliza.

Miezi sita baadaye F-150 hiyohiyo iliingia kwenye mtihani wa taa. Ikaanguka, kwa taa za kawaida na hata kwa zile za LED za kulipia zaidi. Hodari wa kugonga hakuona njia, kwa sababu hadi hapo hakuna aliyekuwa amempima macho.

Tangu hapo IIHS imekaza. Kuanzia 2020 gari haliwezi kupata tuzo yake ya juu kama taa za kuridhisha haziji na kila toleo, la bei ya chini likiwemo. Utafiti wake wa 2021 ulionyesha kwamba magari yenye taa nzuri yana ajali za usiku za gari moja pungufu kwa asilimia 19 kuliko yenye taa mbovu, na ajali za kugonga watembea kwa miguu pungufu kwa asilimia 23.

Barani kwetu kebini fupi ni sisi. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP, likishirikiana na chama cha wenye magari cha Afrika Kusini, liligongesha Nissan NP300 Hardbody iliyoundwa huko. Hardbody ni pikapu inayojulikana kila barabara ya vumbi ya Afrika Mashariki. Ilikuwa na mifuko miwili ya hewa, lakini bodi haikuhimili, ikapata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Mwaka uliofuata wakaigonganisha Hardbody mpya na Nissan Navara iliyotumika Ulaya, uso kwa uso. Tathmini yao ni kwamba dereva wa Hardbody mpya huenda angekufa, na yule wa Navara kuukuu angetoka na kutembea. Kampuni moja, nembo moja kwenye boneti. Mwaka 2021 Nissan ilianza kuunda Navara katika kiwanda cha Rosslyn, hukohuko Afrika Kusini, na Hardbody ikafikia mwisho.

Tanzania na Kenya zinakagua magari yaliyotumika yanayoingia. Kenya haipokei yaliyozidi umri wa miaka minane wala yenye usukani kushoto. Ni ukaguzi wa maana, lakini unauliza kama gari liko sawa leo. Hauulizi litamfanya nini dereva likigonga nguzo, au taa zake zinafika wapi kwenye barabara isiyo na nguzo za umeme, mpanda baiskeli akiwa pembeni bila hata kipande cha kung'aa. Na hakuna mtihani wa Ruckersville unaohesabu watu wanane waliokaa juu ya magunia nyuma ya pikapu, ilhali kwetu hao ndio abiria.

Kosa la Ford lilisahihishwa ndani ya mwaka mmoja kwa sababu kulikuwa na wa kuuliza, mwenye uwanja, kamera na fedha za kununua gari la kuvunja. Kampuni zetu za bima hukusanya ada kwa kila pikapu inayotembea. Zikichanga hata za kugongesha pikapu chache zinazouzwa zaidi kwetu kila mwaka, tena kwa toleo la bei ya chini kabisa, wauzaji watajibu haraka kuliko tunavyodhani.