Wimbo wa Jembe na Kimya cha Gofu

Katika maelezo yangu ya redio wiki hii nilizungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya wasikilizaji wameliona la kizungu mno, yaani kusikiliza muziki uwanjani wakati mtu anacheza gofu. Nalirudia hapa gazetini kwa sababu ukilichunguza utaona linatuhusu sisi wenye majembe, pengine kuliko wao wenye fimbo.

Tuanze na sheria yenyewe. Vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu duniani, R&A ya St Andrews huko Uskochi na USGA ya Marekani, viliziandika upya sheria hizo na zikaanza kutumika Januari 2019. Kanuni ya 4.3 inamruhusu mchezaji kusikiliza muziki katikati ya mchezo, mradi uwe wa kujiburudisha tu. Lakini akiusikiliza ili asisikie kelele zinazomsumbua, au ili umsaidie kupata mwendo mzuri wa kurusha fimbo yake, amevunja sheria. Katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, kosa la kwanza humwongezea mikwaju miwili. Akirudia, anatolewa mashindanoni. Yaani muziki usiokufaa kitu ni halali, na muziki unaokusaidia ni haramu!

Niliposoma kanuni hiyo mawazo yangu yalikwenda Bungu.

Bungu iko juu katika milima ya Usambara, upande wa wilaya ya Korogwe, nchi ya Wasambaa. Ni pahala pa mahindi, maharage, migomba na iliki, na jirani yake kuna mashamba ya chai ya Ambangulu. Gofu hakuna, na sidhani kama itakuja. Katika miteremko ile mpira ukikosewa mara moja utafutwe bondeni kwa siku nzima. Lakini wazee wa kule wanajua sana habari ya muziki na chombo chenye mpini, ambacho huinuliwa juu ya bega kisha kikashushwa kwa nguvu.

Palipokuwa na kazi ya ujima, mwenye shamba aliwaita jirani zake, akawaandalia chakula na pombe ya miwa, nao wakaja na majembe yao. Walijipanga mstari mmoja, uso ukielekea mlimani, wakapanda wakilima. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia. Jembe lilipanda katika sauti ya mwanzishaji na kushuka katika itikio. Bibi mmoja niliyeketi naye huko alinieleza kwamba wimbo haukuwa pambo. Bila wimbo, alisema, mwenye nguvu hutangulia, mnyonge hubaki nyuma, mstari hupinda, na jembe la mtu likaangukia mguu wa jirani yake. Alinionyesha kwa mikono yake mitupu: kuinua polepole, kushusha haraka. Umri wake ni mkubwa, lakini mikono haikukosea hata mara moja.

Sasa linganisha na gofu. Mwaka 2004 Mmarekani mmoja, John Novosel, alitoa kitabu baada ya kuchunguza picha za sinema za mabingwa, picha moja baada ya nyingine. Aligundua kwamba muda wa kurudisha fimbo nyuma, ukilinganishwa na ule wa kuishusha hadi igonge mpira, ni kama tatu kwa moja. Wapo waliotumia picha 27 kwa 9, wapo 24 kwa 8, wapo 21 kwa 7. Mrefu au mfupi, mwenye haraka au mpole, uwiano ni ule ule. Baada ya hapo zikauzwa kanda za milio ya kufanyia mazoezi, ili mchezaji aufuate mlio kwa mwili wake. Na muda mrefu kabla yake ilisimuliwa kwamba Sam Snead, bingwa aliyeshinda mashindano 82 ya ziara ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, alikuwa akiimba waltz kimoyomoyo kila alipopiga. Kimoyomoyo hakuna wa kumkamata.

Kwa hiyo kanuni ile ya 2019 haikutungwa na wajinga. Walioitunga wanajua kabisa kwamba muziki ni chombo cha kazi, ndiyo maana wakaupiga marufuku kama vile wangepiga marufuku fimbo yenye injini. Jambo hilo hilo ndilo wazee wetu waliloligundua, ila wao walifuata njia ya pili: kwa kuwa muziki unasaidia, kila mtu apewe.

Wala si Usambara peke yake. Kule Usukumani jambo hili lilifikia kiwango cha taasisi. Vilikuwapo vyama vya walimaji vyenye ngoma zao, vikishindana, na kambi mbili za Bagika na Bagalu zimeendelea kushindana katika sherehe za Bulabo mwezi Juni. Ngoma ya bugobogobo, ambayo siku hizi mtu wa mjini huiona jukwaani wakati mgeni rasmi anapokaribishwa, asili yake ni shamba. Yale majembe yanayorushwa hewani na kudakwa yalikuwa majembe ya kazi, na ngoma ilipigwa pembeni mwa shamba ili ekari ziishe kabla jua halijawa kali. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 nao walitembea mamia ya maili kutoka bara hadi pwani wakiwa na mizigo vichwani na mabegani, na kiongozi wa msafara akitangulia, ngoma na nyimbo zikiwaweka katika hatua moja. Ndani ya nyimbo hizo waliweza kumsema hata bwana mwenye msafara, naye akidhani anaimbiwa sifa.

Ni watu wa jadi hiyo, au watoto wao, walioingizwa katika kimya cha gofu.

Gofu ilifika Afrika Mashariki pamoja na utawala wa Waingereza. Nairobi ilikuwa na klabu yake tangu 1906, na baadaye michezo hiyo ikaenea katika miji ya Tanganyika, Dar es Salaam, Arusha, Moshi na kwingineko. Katika viwanja vingi vya makoloni maji yalikuwa ya shida, hivyo pale kwenye shimo hapakuwa na majani bali mchanga uliomwagiwa mafuta. Majani waliweza kuyaacha. Kimya hawakukiacha. Adabu ya gofu, iliyoandikwa huko Uskochi mwishoni mwa karne ya 19, ilitaka mtu yeyote asitikisike wala kusema wakati mwenzake anapiga, na mbeba mfuko alitajwa waziwazi pamoja na mchezaji na mtazamaji. Hapa kwetu mbeba mfuko alikuwa kijana wa Kiafrika, na klabu hazikumpokea kama mchezaji. Alitembea mashimo yote na mzigo begani, kama babu yake mpagazi, ila huyu wa sasa hakuruhusiwa kuimba. Alitazama tu. Na alitazama vizuri, maana wengi wa wachezaji wa kulipwa wa kizazi cha kwanza katika nchi zetu walianzia katika kazi hiyo. Mwendo wa fimbo waliupata kwa macho.

Huku bondeni, chini ya milima ya Bungu, kimya kilikuja kwa njia nyingine. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulikuwa umetapakaa Korogwe, Muheza na Pangani, na mkataji wa mkonge hakufanya kazi katika mstari wa ujima. Alikuwa na mstari wake, na idadi ya matita yake, na kipande chake cha siku 30 za kazi. Aliyemaliza mapema aliondoka, aliyechelewa alibaki na miba yake. Kazi ya namna hiyo haina itikio, kwa kuwa hakuna anayehitaji kupandisha mkono pamoja na mwenziwe. Watu hawakuacha muziki, la hasha. Waliuhamishia usiku na siku ya mshahara: beni, ngoma za makabila yaliyokusanyika makambini, na baadaye dansi la bendi za Tanga kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Muziki ukawa wa baada ya kazi. Mimi naona hapo ndipo mambo yalipogeuka, kabla ya umeme na kabla ya simu.

Kisha tukaja sisi wa redio. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ikaanzisha kiwanda hapo hapo mjini cha kutengeneza redio na betri. Redio ya betri ikapanda milimani. Mtu aliitundika kwenye tawi la mti pembeni mwa shamba, akalima huku akisikiliza salamu na bendi za mjini, na betri zikiisha akazianika juani zipate uhai wa siku mbili zaidi. Raha ilikuwapo, nani atakana? Ila mpiga gitaa wa Dar es Salaam hamwoni mlimaji wa Bungu. Hawezi kupunguza mwendo mteremko unapokuwa mkali, wala kuongeza pale udongo unapolainika, wala kumtaja kwa jina yule anayezembea mwisho wa mstari. Jembe lilianza kwenda kivyake na wimbo kivyake.

Hivyo mlimaji akawa amefikia mahali pale pale ambapo sheria ya gofu inamtaka mchezaji afike, pa muziki wa kujiburudisha tu. Leo kijana wa Bungu hulima na simu mfukoni na waya masikioni. Anasikiliza bongo fleva, na jirani yake hatua tano kutoka hapo anasikiliza mahubiri. Na huko ughaibuni gofu imeanza kupiga kelele. Mashindano ya LIV, yaliyoanzishwa kwa fedha za Saudi Arabia, yalipofunguliwa Uingereza Juni 2022 yalikuwa na vipaza sauti vinavyopiga muziki hadharani huku watu wanacheza, na wazee wa mchezo huo wakakasirika kweli kweli. Nadhani walikasirikia kitu kidogo. Muziki ule haumsaidii mtu kupiga.

Wimbo wa kazi wenyewe haujafa wote. Nimewasikia Pangani watu wakivuta chombo kukipandisha ufukweni. Pale mwanzishaji huanza, wote wakaitikia, na kamba inakazwa katika itikio. Mwito wa harambee, ambao Jomo Kenyatta aliufanya wito wa taifa mwaka 1963, ni wa jamaa ya miito hiyo ya watu wanaoinua na kuvuta. Pale ufukweni simu huachwa juu ya mchanga pamoja na viatu, kwa kuwa chombo kile ni kizito, na mmoja akivuta peke yake hakisogei.