Kipimo cha Maji katika Nchi ya Rufiji

Watu wengi hudhani kwamba penye maji mengi ndipo yatumikapo mengi. Habari za nchi ya Rufiji zatuonyesha vingine: kipimo ni kazi ya kuyachukua.

Zamani Warufiji wengi walikaa bondeni, karibu na mto. Mafuriko yaliwanyweshea mpunga, na maji yalipokwisha kupwa walipanda mazao ya mlau katika udongo wenye unyevu. Kuoga na kufua kulikuwa mtoni penyewe. Mtu aliogopa mamba, wala hakuhesabu mitungi.

Kwenye delta, penye mikoko, mambo ni mengine. Maji yamezunguka kila upande, lakini bahari ikijaa chumvi hupanda mitoni, hasa wakati wa kiangazi, mto upunguapo nguvu. Basi mtu aweza kulala akisikia maji usiku kucha, na asubuhi akayabania maji ya kunywa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa uhamisho. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wa bondeni, wakakae katika vijiji vya ujamaa mahali palipoinuka. Gharika waliiepuka, lakini mto waliuacha mbali. Msimu wa kulima wengi walirudi bondeni, wakakaa katika madungu ya kulindia mashamba. Watu walikuwa wale wale, na mto ule ule. Kilichozidi ni njia. Maji ya mtoni yakawa maji ya kichwani, nayo ya kichwani huhesabiwa.

Karibu na wakati huo huo, Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji ya nyumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania, wakatoa kitabu chao mwaka 1972. Waliona kwamba nyumba zenye bomba zilitumia maji mara nyingi kuliko nyumba za kuchota.

Lugha nayo yashuhudia. Neno *kata* lina maana mbili: pete ya nguo au majani iwekwayo kichwani chini ya mtungi, na kifuu chenye mpini cha kutekea maji. Mzigo na kipimo vimekaa katika neno moja.

Kwa hiyo akutaye nyumba itumiayo maji machache, iwe ya Kibiti au ya visiwani mwa delta, asiharakishe kuhukumu usafi wa wenyewe. Na aulize kwanza kisima kiko wapi, na ni nani ayachukuaye. Wahenga walikwisha kunena: maji ya kifuu ni bahari ya chungu.